Jogoo wa Mkwe

Mara ya kwanza nilipotaka kufanya biashara na Toyoba Khatun, niliondoka mikono mitupu. Kibanda chake kiko jirani na bomba la maji, pale foleni inapopinda, na hapa katika kambi ya wakimbizi hakuna mchuuzi asiyeutamani mlango ule. Nilimwomba nipange pale dengu, tambuu na samaki wakavu.

"Shangazi, nitakupa mafuta ya kupikia kila wiki."

"Sayed Alom, ukijaza magunia hapo, Mayu nitaionea wapi?"

Mayu ni milima ya kwetu tulikokimbia, ng'ambo ya Mto Naf. Kila alasiri alikaa mlangoni, shavu limejaa tambuu, akionyesha kwa kidole: pale bwawa la bata wake, pale minazi ya marehemu mumewe. Kwa umbali ule hata ng'ombe huoni. Lakini nilisimama kumsikiliza muda mrefu kuliko ilivyonifaa, maana nimezaliwa kijiji jirani na chake, na bwawa lile nililiogelea utotoni.

Mwaka mzima alinikatalia. Kisha bintiye, Showkat Ara, akaposwa.

Kwetu mkwe akija kula mara ya kwanza huwekewa jogoo mzima wa kukaanga, kichwa na vyote. Asipowekewa, binti huingia ukweni mnyonge, na atasimangwa hadi azeeke. Siku hizo mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa. Tuliambiwa wafadhili wamechoka. Wageni wa shirika fulani walipita wakiuliza watu wanahitaji nini. Toyoba akawajibu: jogoo. Wakacheka kwa adabu, wakapiga picha, wakaenda zao.

Kuku wa kisasa wapo, ila ukimkaanga mzima anasambaratika. Jogoo wa kienyeji nilikuwa naye mimi.

"Unataka nini?" akaniuliza.

"Unajua ninachotaka, shangazi."

"Mwizi we! Mama yako alikuzalia sokoni?"

"Jirani na soko. Mtazame kifua chake huyu."

Akampokea, akampima mkononi, akampuliza manyoya. "Amekonda kama wewe. Ongeza vitunguu, pilipili na samli."

"Samli niitoe wapi? Mafuta."

"Haya, mafuta. Chukua mlango."

Ijumaa nami nikaalikwa. Bwana harusi, Ansarullah, alivuka mto akiwa mtoto, amekulia humuhumu. Desturi ni mkwe amege paja moja, kisha sinia irudi kwa wanawake, jogoo agawanywe. Huyu alimaliza paja, akachukua la pili, akaingia kifuani. Wazee wakaanza kukohoa. Mjomba wake akamfinya. Yeye akadhani anahimizwa, akashika shingo.

Nyuma ya pazia Showkat Ara alikuwa analia. Ndipo tukamsikia mama yake:

"Mwacheni ale! Nani alimfundisha desturi? Humu mashirika yametufundisha kunawa mikono tu!"

Tukacheka hadi wazee. Ansarullah, midomo inang'aa mafuta, akauliza kama wali umebaki.

Waliotahayari ni wakwe, kwa hiyo hakuna wa kumsimanga Showkat Ara. Toyoba amepata mwanaume wa kumkazia turubai kabla ya mvua. Mimi nimepata foleni nzima ya wateja. Ila Mayu sasa haionekani kwake. Magunia yangu yameiziba. Naye, akiketi ndani, hasimulii tena habari za bwawa. Nilimwuliza juzi minazi ilikuwa mingapi. Akaniambia nikahudumie wateja.