Karani na Dawa ya Ng'ombe

Gathoni hakupenda paka. Hilo tulitangulize, maana watu wa Mugutha waliomwona akipita na mnyama yule kwenye kiondo, ametoa kichwa kama mtoto anayepelekwa kliniki, walidhani amezaliwa naye. Wapi! Kwao, kwa baba yake, paka alikuwa kitu cha kutupiwa mwiko. Aliyependa paka ni Zacharia, mumewe.

Zacharia alikuwa mpima magunia kwenye kinu cha kusagia mahindi mjini Thika, na wakati huo wawili hao walikuwa wamepanga chumba mtaa wa Kamenu. Jioni moja akarudi na kipaka ndani ya mfuko wa koti. Alisema kilikuwa na tabia ya kuketi kando ya mizani na kumkodolea macho kila aliyeingia, kwa hiyo amekiita Karani. Gathoni, bibi arusi wa miezi sita, akasema hakuolewa ili apikie paka. Zacharia akacheka tu. Alikuwa mtu wa kucheka, na kicheko chake kilikuwa kinamuudhi Gathoni na kumfurahisha kwa pamoja.

Kisha ikaja ile Hali ya Hatari, ambayo watu wa huko waliiita imanjenji. Mwaka wa hamsini na nne kukawa na msako Thika, na Zacharia akachukuliwa kazini pamoja na wenzake. Gathoni alikuwa anampelekea chakula cha mchana. Alifika lori limeshaanza kunguruma, mumewe yuko juu, amechuchumaa, mikono kichwani. Alikuwa na mengi ya kumwambia mkewe. Alilowahi kusema ni hili: "Gathoni, niangalizie Karani!" Lori likaondoka.

Huko nyuma wakwe zake walikuwa wamehamishwa, wakatiwa kwenye kijiji kipya cha Mugutha, nyumba zimesongana na handaki pande zote. Gathoni akaamriwa kuwafuata. Mtu anayehamishwa kwa siku moja hubeba sufuria, blanketi na jembe. Yeye alibeba hivyo vyote, na paka juu yake, huku akimtukana njia nzima.

Akapata kazi ya kuchuma kahawa kwenye shamba la mzungu, upande wa Ruiru. Miaka ikapita, mmoja, miwili, mitatu. Barua za Zacharia zilikuja mara chache, fupi, kwa sababu kila neno lilisomwa na mtu katika kambi ya wafungwa alikowekwa, kabla halijatoka. Salamu, baridi, afya, basi. Lakini mwishoni, kila barua, bila kukosa: "Na Karani yuko namna gani?"

Hapo ndipo Gathoni alipokuwa akiwaka moto. "Haiya! Mke mzima niko hapa, nachuma kahawa mpaka vidole vimekuwa vyeusi, na huyu mtu haulizi nakula nini. Anauliza paka!"

Hata hivyo alimlisha. Akila ugali, paka anapata. Akikosa, paka anakwenda kujitafutia panya, na kusema kweli alikuwa hodari. Gathoni alikuwa amejiwekea neno moyoni, hakumwambia mtu: Zacharia aliomba kitu kimoja tu siku ile, na kitu hicho atakikuta. Akirudi atamkuta Karani mlangoni. Zaidi ya hapo mambo yote yalikuwa mikononi mwa watu wengine. Hili la paka lilikuwa mikononi mwake.

Basi mwaka wa hamsini na saba, mvua za masika zikiwa zimekaza, Karani akapotea siku tatu. Siku ya nne alirudi akichechemea. Paja la nyuma limevimba kama yai, lina joto, na katikati kuna matundu mawili madogo ya meno. Alikuwa amepigana na paka mwenzake. Ukimgusa analia. Ukimpa chakula anageuza uso.

Gathoni alikesha naye usiku ule. Asubuhi akamtia kwenye kiondo, akaenda naye kazini, na kabla ya kuchukua debe lake la kahawa akapitia boma la ng'ombe.

Huko kulikuwa na Dismas, Mbukusu wa Kimilili, mkamuaji wa maziwa. Bwana huyu alikuwa na mikono mikubwa na sifa kubwa kuliko mikono. Ng'ombe akivunjika pembe, Dismas. Ndama akivimba tumbo, Dismas. Gathoni alimjua kwa salamu tu, na alimwita Baba Nekoye kwa sababu alikuwa akimtaja bintiye aliyemwacha nyumbani kila baada ya sentensi mbili.

"Baba Nekoye, angalia huyu. Nitafanya nini?"

Dismas akainama, akanusa. "Hilo ni jipu, dada. Ndani kumejaa usaha. Leta hiyo paka hapa."

Akachovya kitambaa katika maji moto aliyokuwa akioshea viwele, akakibana juu ya uvimbe, akakaa hivyo kwa subira ambayo Gathoni hakuitazamia kwa mtu mwenye maneno mengi. Jipu likapasuka lenyewe. Harufu! Gathoni aliziba pua na huku amemshika paka miguu. Dismas akakamua mpaka ikatoka damu safi, akaosha, na angeachia hapo yote yangekwisha salama. Lakini fundi wa ng'ombe ni fundi wa ng'ombe. Akaenda rafuni, akashusha mkebe wa dawa nyeusi, ile nzito inayonuka lami, wanayopaka ng'ombe vidonda ili nzi wasitage. Akampaka Karani paja zima, bila uchoyo.

"Siku mbili tu," akasema, "atakuwa anaruka."

Gathoni akamshukuru sana. Kumbe!

Kulipopambazuka Karani alikuwa amelamba dawa yote. Alikuwa anatokwa na povu mdomoni, miguu inatetemeka, akijaribu kusimama anaangukia ubavu. Gathoni alitoka mbio mpaka bomani, leso imeanguka, na alichomwambia Dismas mbele ya ng'ombe arobaini hakifai kuandikwa. "Umeniulia paka! Umeniulia paka wa watu!"

Mwingine angejitetea. Dismas alimtazama yule paka, akatazama mkebe, uso wote ukamshuka. "Ng'ombe halambi paja lake hivyo," akasema polepole. "Ulimi wake haufiki. Sikufikiri. Nisamehe, dada, sikufikiri hata kidogo."

Akaacha kukamua, na kuacha kukamua kwa mzungu yule halikuwa jambo dogo. Akaleta sabuni na maji ya uvuguvugu, wakamwosha Karani mara tatu mpaka maji yakawa meupe, wakamfuta kinywa, wakamfunika kwa gunia kando ya moto wa kuchemshia maji. Mchana kutwa Dismas alikuwa akitoka zizini kwenda kumchungulia. Wakati wa kufunga kazi alimpa Gathoni chupa ya maziwa, mgao wake mwenyewe. "Mtilie mdomoni kidogo kidogo. Hata kama hataki."

Ijumaa Karani hakumeza kitu. Jumamosi vilevile. Alilala tu, mifupa ya mgongo inahesabika. Gathoni alimsafisha kidonda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na kila akimgeuza alikuwa akiomba. "Ngai, usimchukue huyu. Sina kingine cha kumwonyesha."

Jumapili, baada ya ibada, ilikuwa siku ya kujibu barua. Aliyewaandikia kina mama ni Mwalimu Wainaina, mzee wa kanisa, mwenye mwandiko wa kupendeza na haraka ya kwenda kula. Alikuwa ameandika barua hizo kwa niaba ya wake wa wafungwa mpaka zikawa zinatoka kalamuni zenyewe. Gathoni alipoketi, karatasi ilikuwa tayari imejaa nusu, akamsomea: Mume wangu mpenzi, salamu nyingi kama mchanga. Mimi ni mzima, hofu ni kwako tu. Watu wote hawajambo. Karani hajambo.

"Mwalimu," Gathoni akasema, "mimi sijakwambia Karani hajambo."

"Nakumbuka barua zako zote, mama. Anauliza Karani, tunasema hajambo."

"Karani anakufa."

Wainaina akaweka kalamu. "Sasa sikiliza. Mtu aliye kifungoni haandikiwi hivyo. Anaandikiwa mema. Hata nyumba ikiungua, unamwambia hatujambo. Hiyo ndiyo desturi. Utamvunja moyo mwenzio kwa sababu ya paka?"

Alikuwa na haki, na Gathoni alijua. Lakini alikuwa amechoka. Siku nne hajalala vizuri, nguo inanuka usaha, na barua ile ya mwisho iko mkononi na swali lake lilelile. Hasira ikampanda.

"Ameuliza paka, ataambiwa paka," akasema. "Mwalimu, chukua karatasi nyingine."

Na akasema yote. Jipu, usaha, Baba Nekoye na dawa yake ya ng'ombe, povu, jinsi alivyomtukana Mbukusu wa watu, jinsi Mbukusu alivyotoa maziwa yake. Kwamba leo hajui kama kesho Karani atakuwapo. Kwamba anajitahidi. Wainaina aliandika akitikisa kichwa, mpaka pale penye matusi, ambapo alicheka bila kutaka na kudondosha wino.

Jumatatu alfajiri Karani alikunywa maziwa. Si mengi, ulimi mara tano, mara sita. Gathoni alikaa chini na kulia kama mjinga.

Ila sasa, nguvu kidogo zilipomrudia Karani, akaanza kukilamba kidonda chenyewe, na ulimi wa paka ni msasa. Kila Gathoni alipokiosha kikaanza kufunga, paka alikifungua. Gathoni akarudi bomani. Dismas akawaza, halafu akajipiga paji la uso.

Yako mambo wanayofanya watu wa mifugo kwa ndama anayejilamba kidonda ubavuni. Wanamvalisha shingoni ukosi wa vijiti vilivyosimama, vimefungwa kamba juu na chini, kutoka taya mpaka bega, hata akitaka kugeuza kichwa hawezi. Dismas alikata vijiti vya mti wa kahawa urefu wa kidole, akavikwangua, akavifunga kwa uzi wa katani, na mikono ile mikubwa ikatengeneza ukosi mdogo wa paka. Karani alipovikwa alitembea kinyumenyume mpaka akagonga ukuta. Wachuma kahawa waliacha madebe wakaja kucheka. Wakamwita Padri.

"Ng'ombe tena, Baba Nekoye?" Gathoni akamtania.

"Safari hii ng'ombe ana haki," akajibu Dismas.

Na kweli alikuwa na haki. Wiki tatu za ukosi, maji ya chumvi, maziwa, matumbo ya kuku siku moja moja, na kidonda kikafunga kuanzia chini kuja juu, kama inavyotakiwa. Kilibaki kiraka kisicho na manyoya. Siku ukosi ulipovuliwa Gathoni alipika irio, akampelekea Dismas bakuli limejaa. Miaka mitatu hakuwa amempikia mwanamume chakula. Dismas alikula mpaka akalifuta bakuli, kisha akasema Nekoye lazima asikie habari hizi. Wainaina naye akaandika barua ya pili bila kuambiwa mara mbili: Karani amepona, anakula.

Zacharia aliachiliwa Machi mwaka uliofuata. Gathoni alirudi kutoka kazini akakuta mtu mwembamba ameketi kwenye kizingiti, mvi kichwani, mtu wa miaka thelathini. Karani alikuwa anamnusa viatu kwa mashaka. Mtu huyo alikuwa amemwekea mkono pajani, kidole chake kiko juu ya kile kiraka.

Gathoni aliweka kiondo chini. Akaketi karibu naye. 

"Uliniomba kitu kimoja," akasema. "Huyo hapo. Lakini nikuulize, Zacharia, na usinifiche. Miaka minne, kila barua, paka, paka. Mimi hukuniuliza hata siku moja."

Zacharia akaendelea kumpapasa Karani. 

"Kwenye kibanda chetu kulikuwa na Gichuru," akasema. "Kila barua aliyopata iliandikwa, mama hajambo. Alipata tatu kama hizo. Mama alikuwa amekufa na kuzikwa kabla ya ile ya kwanza. Wote tulikuwa tukiandikiwa hatujambo, Gathoni. Hakuna aliyekuwa akiamini. Ningekuuliza wewe ungesema nini? Hatujambo. Nikasema niulize kitu ambacho mtu hana sababu ya kunidanganya. Lakini hata cha paka kilikuja hajambo, hajambo, mpaka nikaamini hakuna mtu nyumbani, ni mwalimu tu anaandika."

Akamvuta Karani magotini.

"Halafu ikaja ile ya jipu. Nikasoma ulivyomtukana yule mkamuaji. Nikakusikia sauti yako kabisa. Nikawasomea wenzangu, kibanda kizima kikacheka, na mimi nikalia, kwa sababu nilijua uko hai. Uko, na una hasira, na una nguvu ya kuuguza paka. Wenzangu wakawa wananiuliza kila asubuhi, Karani ameamkaje? Nilikuwa nimeshaacha kula, Gathoni. Siku ile nilikula."

Gathoni alimshika mkono, ukawa mwepesi sana mkononi mwake. Akasema asante, na hakujua anamwambia nani, Mungu, au mume, au paka, au Mwalimu kwa karatasi yake ya pili. Zacharia akauliza boma la ng'ombe liko upande gani, kwa maana anataka kwenda kumwamkia huyo Baba Nekoye.

"Kesho," Gathoni akasema. "Leo ule kwanza." Akaingia ndani kuwasha moto.