Chupa ya Watoto Kumi

Sikudhani wa Busi hakuwa mtu wa kusumbua watu. Mwaka ule wa tisini na nne alisumbua kijiji kizima, na mimi simlaumu hata kidogo.

Mwanawe Abubakari alikuwa ametimiza miezi tisa, umri wa chanjo ya surua. Akambeba mgongoni mpaka zahanati, mwendo wa saa mbili. Nesi Anjelina akahesabu watoto kwenye benchi: wanne.

"Chupa moja ni ya watoto kumi," akasema. "Nikishaifungua, hailali; inayobaki namwaga. Rudini mwezi ujao."

Mwezi uliofuata walikuwa sita. Chupa ikarudi kwenye jokofu, Sikudhani akarudi Busi kanuna, hata salamu za njiani hajibu.

Kisha surua ikaingia vijiji vya jirani. Basi akaamua kuwatafuta hao kumi mwenyewe. Nyumba hii anaambiwa mume kakataa, ile anaambiwa sindano inaleta homa. Alibembeleza, akagombana, mpaka wakapatikana tisa. Wa kumi ni wake.

Siku ya kwenda, Abubakari aliamka anakohoa, makamasi yanamtoka, macho mekundu.

"Mafua hayo, mwanangu," mama mkwe akasema. "Vumbi lote hili la Agosti." Akachemsha tangawizi, akamnywesha mtoto kwa kijiko. Sikudhani akaamini, maana alitaka kuamini.

Kule zahanati, Anjelina alimfunua Abubakari mdomo penye mwanga wa dirisha. Ndani ya mashavu palikuwa na vidoa vyeupe.

"Mama Abuu, haya si mafua. Ni surua."

Akamdondoshea matone ya vitamini, akaagiza anyonye sana, apewe uji na maji, na akianza kupumua kwa shida aletwe upesi. Tangawizi haimdhuru, akasema, lakini surua haiondoi. Kisha akawatoa nje, wasiambukize wengine.

Akageukia benchi, akahesabu. Tisa. Mkono ukasita juu ya chupa.

"Fungua, nesi," Sikudhani akasema kwa hasira kutoka mlangoni. "Wa kumi ni huyu wangu. Nilikuletea miezi miwili iliyopita."

Anjelina akafungua.

Sikudhani alibaki uani, akiwasikia watoto wa wenzake wakilia mmoja baada ya mwingine, wote tisa. Abubakari hakulia. Alikuwa anakohoa tu.