Mtoto Ambaye Dada Yangu Alimzika Mara Nyingi

Tulimzika dada yangu Wyonia Teague Jumamosi iliyopita, hapa Inglewood. Mchungaji alisoma majina ya filamu na vipindi vya televisheni alivyoigiza, akasoma hadi akaomba maji ya kunywa. Watu wakacheka, nami nikacheka nikiwa na leso mkononi. Lakini majina yale hayakueleza alikuwa akifanya nini humo ndani, wala yalimgharimu nini. Hilo nalijua mimi, mdogo wake, na Mungu.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa moja tu: kulia. Alikuwa mama wa kijana aliyeuawa. Mpelelezi anabisha, mlango unafunguliwa, dada yangu anamtazama usoni na kuelewa kabla hajaambiwa. Anashika fremu ya mlango, machozi yanateremka, halafu yanakuja matangazo ya sabuni. Kipindi kinachofuata mtu hasikii habari zake tena. Sokoni watu walikuwa wakimsimamisha.

"Mama, wewe si yule ambaye mwanao alipigwa risasi?"

"Yupi kati yao?" alikuwa akijibu, nao wanacheka wote wawili juu ya viazi.

Tulizaliwa Monroe, Louisiana. Baba alituleta Los Angeles alipopata kazi kwenye kiwanda cha matairi. Mama alikuwa mmoja wa wale wanawake wa kanisa wanaovaa nyeupe na kusimama karibu na wafiwa, wakiwapepea na kuwashika wasianguke. Wyonia alianzia kanisani, katika mchezo wa Pasaka, akiwa binti mdogo anayelia mbele ya kaburi tupu lililotengenezwa kwa maboksi. Wanawake wa mstari wa mbele walitoa leso. Baba akasema, "Huyu atatuletea mkate au atatuletea aibu." Mkate aliuleta, ingawa ulichelewa. Kwanza aliigiza maiti, kisha muuguzi asiye na neno la kusema, kisha mwanamke wa pili kwenye foleni ya benki.

Nafasi ya kwanza ya mama anayelia aliipata wakati Lavelle, mwanawe wa pekee, alipokuwa bado mdogo wa kubebwa. Baba yake Lavelle alikuwa ameshaondoka. Siku iliyofuata dada alikuja jikoni kwa Mama nimnyooshe nywele kwa kitana cha moto, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha.

"Walitaka kunipaka ile dawa ya kuwasha chini ya macho," alisema. "Waigizaji wengi hupakwa hiyo. Nikakataa. Nikalia mwenyewe, Ruthell. Mpaka mshika kamera alipangusa pua."

"Ulifanyaje?"

"Tunafundishwa kuchukua uchungu wetu wenyewe, wa kweli. Mwingine humkumbuka mbwa wake aliyekufa. Sasa mimi sijawahi kufuga mbwa. Nikamfikiria Lavelle."

"Lavelle amefanya nini?"

"Tuliza hicho kitana, utanichoma sikio. Nilimfikiria amelala kwenye jeneza. Na ile suti yake ndogo ya bluu, mikono kifuani."

Mama alikuwa jikoni hapo hapo, akigeuza kuku kwenye mafuta. Akazima moto.

"Wyonia Marie. Umesema nini?"

"Mama, ni kazi tu."

"Hata Shetani yuko kazini. Jambo ukiliita mara nyingi, linajifunza njia ya kuja kwako. Mtafute mtu mwingine wa kumlilia. Mlilie baba yako na uchoyo wake."

Tulicheka, Mama hakucheka. Dada naye hakumtafuta mtu mwingine, kwa sababu ile njia ilifanya kazi. Kila walipomwita alimlaza mwanawe kwenye lile jeneza, akalia, akaja nyumbani kumpikia chakula cha jioni. Mara moja aliniambia kitu ambacho sikukipenda. Alisema, "Amerefuka sana, imebidi nirefushe na jeneza."

Lavelle hakuambiwa. Alijua tu kwamba watoto wa mama yake hawadumu.

"Leo nimekufa na nini?" alikuwa akiuliza akiingia, amebeba begi la shule.

"Kisu. Nyuma ya duka la pombe."

"Angalau nilipigana?"

"Hata hukuonekana, baba. Umekufa kabla kipindi hakijaanza."

"Ndiyo maana nina njaa hivi."

Alikuwa kijana wa masikio makubwa na miguu mirefu, mpiga tromboni. Alikwenda chuo Houston kwa ajili ya bendi yao, ile inayopiga ikitembea uwanjani. Mwezi Agosti wa mwaka wake wa pili, wakiwa mazoezini juani, alianguka. Moyo wake ulikuwa na kasoro ambayo hakuna daktari aliyewahi kuigundua. Ilikuwa asubuhi, na dada alikuwa studio, akilia mbele ya kamera. Chuo kilipomkosa, kilinipigia mimi. Nilikwenda nikamngoja barazani kwake.

Aliteremka kwenye gari akiwa bado na vipodozi vya studio shingoni. Aliniona nimesimama, nimevua miwani. Mgeni wa namna ile alikuwa amempokea mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani.

"Ngoja," alisema. "Usiseme kwanza."

Akafungua mlango wake, akaingia, akakaa. Hakushika fremu. Hakulia. Nikamwambia, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa ratiba.

Kwenye mazishi kanisa lilijaa. Wanawake wenye nyeupe walisimama nyuma yake na pepeo zao, tayari kumdaka. Jeneza lilipofunuliwa watu walinyamaza wakimngoja. Alisimama, akamtazama mwanawe, akamnyoosha tai, akarudi kukaa, macho makavu kabisa. Pepeo zikabaki mikononi, wenye nazo hawajui wampepee nani.

Baadaye, kwenye ukumbi wa chini, tukila kuku na mkate wa mahindi, nilimsikia Clotilde Bass wa kwaya.

"Watoto wa televisheni aliwalilia hadi kamasi. Wa kwake, hata tone! Yule halii bila malipo."

Mama alikuwa karibu naye, na mkongojo wake.

"Clotilde," alisema, "weka hiyo sahani chini utoke mwenyewe, kabla sijakusaidia vyote viwili."

Maneno yale yalimfikia dada. Hakukasirika. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliniambia tukiwa ndani ya gari, kabla sijawasha injini.

"Clotilde hakukosea sana. Nilipomwona nilikuwa nimeshamwona. Suti, mikono, kila kitu. Nimemzoea akiwa amekufa, Ruthell. Machozi yake nimeyatoa yote kwa watu wengine."

"Yatakuja."

"Hayatakuja. Na mimi ndiye niliyeita. Mama aliniambia mapema kabisa, nikacheka."

Nilimwambia kwamba Mungu si mtu wa kuwaulia watu watoto wao kwa mawazo yao. Mchungaji alimwambia vilevile, kwamba Bwana hapokei maagizo kutoka studio. Aliitikia vizuri, akamshukuru, akamfungia pai ya pichi aende nayo. Alikuwa mwigizaji, na mchungaji aliondoka akiamini amemfariji. Mimi nilikuwa nikimjua. Nilianza kumwombea jambo moja tu, asubuhi na jioni: Bwana, mpe alie. Niliona kwamba asipomlilia mwanawe atakwenda kaburini akijiita muuaji.

Jina la Lavelle halikutajwa tena nyumbani kwake. Makaburini hakwenda. Na nafasi za mama alizikataa zote. Myron, wakala wake, mzee mwema wa Kiyahudi aliyemtafutia kazi tangu ujana wao, alikuwa akipiga simu na kubembeleza.

"Wyonia, safari hii mama ni jaji. Jaji! Ana nyumba kubwa, ana mume, ana mtoto mmoja tu..."

"Anakufa?"

"Mwisho kabisa. Karibu hutamwona akifa."

"Basi mtafutie jaji mwingine, Myron."

Alichukua bibi, shangazi, mwimbaji wa kwaya, mwanamke wa maktaba. Kazi zikapungua. Baba alifariki, kisha Mama, na kwa Mama pia macho yake yalibaki makavu. Nilimshika mkono pale kaburini, ukawa kama mkono wa mtu anayengoja basi.

Kisukari kilipoanza kula macho yake mimi ndiye niliyemwendesha. Ndivyo nilivyokuwepo siku ile, miaka miwili iliyopita, alipoitwa kuigiza bibi mwenye sentensi mbili. Kijana ameuawa. Mama yake amekaa kwenye kochi na kulia, bibi amekaa pembeni yake na hasemi kitu. Nilimwuliza mapema kama ataweza. Alisema bibi halii, imeandikwa.

Mama wa kijana aliigizwa na binti mmoja anaitwa Kiandra Moss, mgeni katika kazi, mwenye sauti nzuri. Walirudia ile sehemu mara nyingi. Alitamka maneno vizuri, ila macho yalikataa. Mwongozaji akatoa mapumziko. Mwanamke wa vipodozi akaja na ile dawa ya kuwasha.

"Nipe dakika chache, dada," Kiandra alimwambia. "Nina njia yangu."

Akatoa simu, akaangalia picha, akafumba macho. Wyonia alikuwa bado amekaa pembeni yake palepale kwenye kochi, na mimi kwenye kiti changu upande wa pili, karibu na nyaya za taa. Niliona dada akigeuza kichwa.

"Ni mwanao huyo?"

"Ndiyo, mama. Anaitwa Tobias. Usimwone mpole hivi. Jana amewamwagia samaki wangu maziwa, eti wana kiu."

"Walikunywa?"

"Wawili wameenda mbinguni."

Dada alicheka. Kisha akauliza polepole, "Na sasa hivi unamfikiria vipi?"

Binti aliigeuza simu kifudifudi, akafumba macho tena.

"Umemlaza kwenye jeneza," dada alisema.

Kiandra alifungua macho kama mtu aliyefumaniwa. "Mwalimu wangu alisema nitafute kinachoniuma kuliko vyote. Ni kwa ajili ya kipindi tu, mama."

"Najua. Mtoe."

"Samahani?"

"Mtoe humo sasa hivi, mwanangu. Mvalishe viatu, mrudishe nyumbani kwa samaki wake. Usimlaze humo tena, hata kwa tuzo."

"Sasa nitalilia nini? Watu wote hawa wananingoja mimi."

Mikono ya dada ilikuwa ikitafuta kitu mapajani, akaishia kushika mkono wa yule binti.

"Chukua wangu," alisema.

"Wako?"

"Wangu amekwisha kufa. Hakuna wa kumdhuru tena. Mchukue, umlilie."

"Lakini simjui, mama."

"Nitakwambia. Anaitwa Lavelle."

Nilishika kiti. Sikuwa nimelisikia jina lile kinywani mwake tangu tulipomzika.

Akaanza kumsimulia. Alisema ana masikio kama mishikio ya sufuria. Alisema anavunja mkate wa mahindi ndani ya glasi ya maziwa na kuula kwa kijiko, amesimama, friji liko wazi, na ukimgombeza anafunga friji kwa goti. Alisema hulala mguu mmoja nje ya blanketi, hata wakati wa baridi, na yeye mama yake huenda kuufunika, na ukifunikwa unatoka tena. Alisimulia jinsi anavyoingia na begi na kuuliza leo amekufa na nini. Hakutaja suti, hakutaja jeneza. Miaka yote ile alikuwa akimwona amelala, na sasa alikuwa akimtembeza sebuleni mwa watu, mzima, mwenye njaa.

"Anauliza, angalau nilipigana?" dada alisema. "Namwambia hapana, baba. Na alipigana, Kiandra. Wenzake waliniambia. Alijaribu kuinuka..."

Hapo sauti ikakatika. Machozi yalikuja yote kwa pamoja, mabaya, yenye kelele, siyo yale yanayoteremka vizuri kwa ajili ya kamera. Kiandra alimkumbatia, naye akalia. Mwanamke wa vipodozi akaja mbio na karatasi za kupangusia.

"Mwache," nilimwambia. "Tafadhali, mama, mwache."

Mwongozaji, kijana mwenye kofia, alisogea akiwa na aibu. Alikuwa ameshaagiza kamera zianze kupiga.

"Mama Teague, tunashukuru sana, lakini hapa bibi ni mkavu. Ndivyo mswada unavyosema."

"Mswada utangoja, mwanangu," dada alisema. "Siyo bibi anayelia."

Wakangoja. Fundi mmoja wa taa alivua glovu zake, akainamisha kichwa kama yuko kanisani.

Tulipotoka hatukwenda nyumbani. Aliniomba nimpeleke makaburini. Aliketi kwenye nyasi, magoti yakimwuma, akafuta jiwe kwa skafu yake, nami nikamwacha peke yake. Tangu siku hiyo alimtaja Lavelle kila tulipokaa mezani, hata nikawa nachoka na habari za tromboni, Mungu anisamehe. Kama aliacha kuamini kwamba ndiye aliyemwita, hakuniambia, nami sikumwuliza. Ila mwezi uliopita, hospitalini, wanawake wa kanisa walipokuja kumwombea, Clotilde Bass akiwa mmoja wao, dada alilia mbele yao bila kujificha. Clotilde ndiye aliyempepea.

Kipindi kile kilipoonyeshwa tulikitazama pamoja, yeye akiwa amesogeza kiti hadi karibu na kioo cha televisheni. Walikuwa wamekata karibu sehemu yake yote. Kiandra alionekana vizuri, analia. Wyonia alionekana mgongo tu, ukitikisika.

"Huo mgongo umefanya kazi," alisema, akapangusa macho.

Watazamaji walipewa mgongo. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili, karibu na nyaya za taa, nikamwona uso.