Minyoo Haitoshi Kuwa Sayansi

Jumamosi tulimzika Mwalimu wetu huko Gaithersburg, hapa Marekani, jirani na Washington. Habari ilinikuta nimekwama kwenye foleni ya barabara ya 270, simu ikaita, nikaambiwa, "Mwalimu hatunaye." Nikasema "Jamani!" Nimechoka na simu za namna hii, wasomaji wangu. Mwaka huu zimezidi. Marehemu alifundisha Sayansi Kimu, somo la mapishi, lishe na utunzaji wa nyumba, kule Tanga kabla ya kuhamia huku, na kwa miaka mingi alikuwa mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja cha Annandale. Ukiwa na mtoto anayetaka udaktari, utake usitake, ulielekezwa kwake.

Nilikuwapo sebuleni kwake siku alipokuja mama mmoja wa Columbia Heights na binti yake. Binti alikuwa anaomba kuingia chuo cha udaktari. Kwenye maombi hayo, kila somo ulilosoma lazima useme ni sayansi au si sayansi; alama za sayansi hupigiwa wastani wake peke yake, na huo huangaliwa kwa jicho kali. Wastani wa binti ulikuwa umelegea. Ila alikuwa na alama ya juu kabisa katika somo moja la mchanganyiko, la chakula, mwili na jamii, lililofundishwa na walimu wawili, mmoja wa baiolojia, mwingine wa mila na tamaduni. Likihesabiwa sayansi, angepumua. "Kwani chakula si sayansi?" mama akauliza. "Wewe mwenyewe, Mwalimu, ulinifundisha Sayansi Kimu, tukapika maandazi!" Tukacheka wote isipokuwa Mwalimu. Alisoma muhtasari wa somo mpaka mwisho, akavua miwani. "Tumbo limo, na minyoo imo. Lakini sehemu kubwa ni masoko, njaa na uhamiaji. Wanaopokea maombi wanataka sehemu kubwa iwe sayansi yenyewe. Minyoo haitoshi, mama." Binti akajibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote, kwamba ameelewa. Mama yeye hakutaka kuelewa. "Sema tu humtakii mema mwanangu," akasema, akabeba mkoba wake, chai akaiacha mezani.

Binti aliandika "si sayansi" kama alivyoshauriwa, na hakupata nafasi. Weee! Tangu hapo kila harusi tulisimuliwa roho mbaya ya Mwalimu. Siku moja nikamuuliza kama hayamuumi. "Yananiuma, ndugu yangu. Mimi nilipofika huku na shahada yangu ya Sayansi Kimu, waliitazama wakaniambia hii si sayansi. Unadhani naipenda sheria yao? Lakini nikimwambia mtoto adanganye, kesho wakimuuliza, nani atamkingia kifua?" Nikarudi nyumbani nikiwaza. Mgonjwa wa sukari wa mitaani kwetu haumwi kongosho tu. Anaumwa pia kazi mbili na chakula cha kula garini. Daktari anayeyajua yote hayo ndiye tunayemtaka, na bado nusu ya maarifa hayo haimsaidii kwenye wastani ule. Tumeikuta dunia imegawanywa hivyo, na kuwaeleza wazazi kunachosha.

Mama yule alikuja msibani. Nilimkuta jikoni anachambua mchele, macho mekundu. Nikamuuliza habari za binti. "Ameomba tena. Bado hawajamjibu." Akatoa jiwe, akaliweka pembeni. "Kwamba Mwalimu alisema kweli, nilishajua zamani. Nilikuwa nangoja mtoto apate kwanza, ndipo nije kumwomba radhi. Nije na habari njema, unaona?" Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kila nilipokutana na Mwalimu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Yule binti amefikia wapi?"

Wasomaji wangu, kuomba radhi hakuhitaji zawadi ya kusindikizia. Kama kuna mtu anayekudai neno hilo, nenda kwake leo, mikono mitupu hivyo hivyo. Mlango atakufungulia mwenyewe, maadamu bado yupo wa kuufungua.