Waraka wa Pili

Msahihishaji wetu pale kiwanda cha uchapaji tulimwita Mzee Nukta, na jina hilo alilipata kihalali. Karatasi yoyote, iwe kadi ya mwaliko au kitabu cha risiti, haikuingia mtamboni kabla hajaipitia neno kwa neno, kidole kikitembea chini ya mstari na midomo ikichezacheza. Siku moja alisimamisha mtambo kwa sababu kadi ya harusi ilisema kijana wa watu "ataoga" Jumamosi badala ya "ataoa". Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. "Mtu anaaibika mbele ya wakwe," alisema, akarudi kwenye kiti chake.

Mimi nilikuwa najalidi vitabu meza ya jirani, na Jumatano jioni tulikutana tena kwenye kikundi cha kujifunza Biblia, yeye akiwa mwalimu. Hakukuruhusu kurukaruka. Nani anasema hapa? Anamwambia nani? Kwa nini? Ukibahatisha, anakurudisha kwenye ukurasa. Alichokichukia kuliko vyote ni mtu kunyofoa mstari mmoja na kutembea nao mjini kama fimbo.

Kwamba aliwahi kuwa na binti tulijua wote, na hakuna aliyemtaja. Ni mtoto wake wa pekee. Miaka kumi na moja nyuma, binti huyo alipata mimba akiwa na miaka kumi na tisa, na aliyempa akaingia mitini. Mzee alimwita sebuleni, akafungua waraka wa kwanza wa Mtume kwa Wakorintho, akamsomea pale Mtume anapoagiza mwenye dhambi atolewe katikati ya kundi. Kisha akafunga kitabu. Mkewe alimshika miguu akilia. Mzee akamjibu kwamba si yeye aliyesema, ni Maandiko. Binti akaondoka na mfuko mmoja wa nguo. Miaka mitatu baadaye mama naye akafariki, na mzee akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, akisoma.

Mwaka huu kikundi kilifika waraka wa pili kwa Wakorintho. Tulikuwa kwenye sura ya pili, pale Mtume anapowaomba watu wale wale wamsamehe mtu fulani na kumfariji, huzuni isije ikamzamisha. Nikauliza, bila nia yoyote, "Mzee, huyu anayesamehewa ni nani?"

"Walimu wengi wanaona ni yule yule aliyetolewa kwenye waraka wa..." Akafunua kurasa kurudi nyuma, akafunua kwenda mbele. "Tuishie hapo leo," alisema, na akasahau kuomba sala ya kufunga.

Kesho yake kazini nilimkuta ameshika karatasi juu chini.

"Wale watu walipata barua ya pili," aliniambia. "Mwanangu mimi sikumpelekea. Nilimsomea ya kwanza, nikafunga kitabu."

Niliichukua ile karatasi, nikaigeuza, nikamrudishia.

Mama mdogo wa binti ndiye aliyejua alipo. Alimweka mzee mlangoni kwa muda mrefu, akimwangalia tu, kabla ya kumwelekeza: chumba cha kufulia, nyuma ya hospitali kubwa. Mzee akaniomba nimsindikize. "Nikianza kuhubiri, dada, nivute shati."

Chumba kilijaa mvuke. Wanawake walikunja mashuka wawili wawili. Binti alimwona baba yake akiingia na hakuachia ncha yake. Alimaliza kukunja na mwenzake, akaliweka shuka juu ya mengine, akalinyoosha kwa kiganja.

"Shikamoo, baba."

Nadhani mzee alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa shikamoo hakuwa amejiandaa. "Marahaba," alijibu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kukuomba msamaha. Siku ile nilikusomea nusu." Akamweleza, kwa maneno machache, kuhusu ile barua nyingine.

"Kwa hiyo ilikuwa imeandikwa?"

"Ilikuwa imeandikwa."

"Siku zote?"

"Siku zote, mwanangu. Kurasa chache mbele."

Binti akachukua foronya, akaanza kuikunja. Mzee akauliza habari za mtoto.

"Aliishi siku nne tu," alisema. "Uchungu ulinianza chumbani kwa rafiki yangu. Alitaka kukimbia kuwaita wewe na mama, nikamkataza. Tukaenda hospitali kwa miguu, tukachelewa. Niliogopa, baba. Niliogopa utamsomea na mtoto."

Mzee alikaa juu ya rundo la nguo chafu. Nilikuwa tayari kumvuta shati, lakini hakutaja mstari hata mmoja.

"Hasira nimeichoka," binti alisema baadaye, bila kumtazama. "Ila usiniambie turudi kama zamani. Nyumbani kwako sitakuja."

Jumatano iliyofuata mzee hakukaa kwenye kiti cha mwalimu. Alisimama akatueleza yote, hata yale ambayo tungeweza kuishi bila kuyajua, akaomba mwingine afundishe. Mmoja wetu akaanza kumtuliza kwa andiko. "Asante," mzee alimwambia, "lakini leo niache na kosa langu kwanza." Tangu hapo anakaa nyuma, anasoma na sisi, na anauliza kuliko kujibu.

Kila Ijumaa, zamu ya mchana ikitoka, anasimama kwenye geti la nyuma la hospitali. Kuna siku binti anapitia mlango mwingine. Kuna siku anatokea, wanatembea pamoja mpaka njia panda, kila mmoja anashika yake.

Wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza tangu waanze kutembea pamoja, binti alimwuliza kitu.

"Mama alisema nini mwisho?"

Mzee aliniambia kwamba angeweza kudanganya wakaachana, njia panda ilikuwa karibu.

"Alikuita wewe," alimjibu. "Usiku na mchana. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda, nasoma."

Binti alilia pale pale barabarani, watu wakipita. Mzee alinyoosha mkono, binti akausukuma. Basi akasimama kando yake, mikono chini, mpaka binti alipomaliza kulia na kuondoka.