Baba alivyomeza nusu kidonge cha kisukari ili asizeeke, halafu akafunga Kwaresima

Wakuu, salaam. Haya ni ya nyumbani kwetu Kihonda na sijaongeza chumvi. Chumvi ya nini, wakati yenyewe bado yananiudhi hadi leo!

Ni miaka ile viwanda vinauzwa kwa watu binafsi. Baba alikuwa kiwanda cha ngozi, wakampunguza. Wakaambiwa mwekezaji akija atachukua kwanza wenye nguvu. Basi mzee wangu, miaka hamsini na ushee, akaapa hazeeki.

Sawa. Mwingine angekimbia mchakamchaka. Baba yeye akaenda duka la dawa.

Mnakumbuka enzi zile? Maduka ya dawa yanaota kama uyoga, unanunua dawa za cheti cha daktari kama karanga, hakuna wa kukuuliza. Kuna mtu alimwambia eti Ulaya wanameza dawa ya kisukari kidogo kidogo na uzee unawakimbia. Wakuu, Baba hana kisukari! Hajawahi kuwa nacho! Lakini anakata kidonge kwa wembe, nusu kila asubuhi, kisha anajitazama kwenye kioo.

Nikamwambia, "Baba, hiyo ni dawa ya wagonjwa."

"Ndiyo maana nameza nusu. Mimi mzima."

Jamani! Mimi bintiye, nikizidisha neno naambiwa sina adabu. Daktari mmoja naye alimkataza, Baba akasema daktari mwenyewe ana mvi.

Ikaja Kwaresima. Kila Ijumaa Baba hali kitu mpaka jioni. Kidonge je? Anameza! Eti dawa si chakula, haivunji mfungo. Niliongea mpaka mate yakanikauka.

Ijumaa moja tukapanda kijijini kwao, Uluguru, kwenye Njia ya Msalaba. Kule vituo vimepangwa kupandisha mlima. Tulikuwa na Mzee Mihayo, mwenzake wa kiwandani, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wake wa siku zote.

Tulipofika kituo ambacho Yesu anaanguka mara ya pili, tukapiga magoti. Tukasimama. Baba hakusimama. Paji la uso liko chini, jasho linamtiririka, anatetemeka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mzee huyu ana majuto ya kweli."

Majuto gani, mama! Sukari imeshuka!

Nikapiga kelele. Watu wakakimbilia nyumba ya karibu, wakaleta maji ya sukari. Baba kakaza meno: "Nimefunga!" Katekista naye anasitasita, eti tusimvunjie mtu mfungo wake. Yaani Baba anatutoka hivi hivi, watu wanajadiliana!

Mzee Mihayo akatusukuma wote, akamwinua kichwa.

"Fungua mdomo, Mluguru mbishi! Ukifa leo, mimi naingia kwenye kaburi lako, sitoki mpaka nipewe mbuzi!"

Baba, hata fahamu hazijakaa sawa, akacheka. Mdomo ukafunguka. Tukamnywesha kidogo kidogo mpaka akaniita jina langu, ndipo nikalia. Vijana wakamshusha kwa machela hadi hospitali.

Aliporuhusiwa, Mzee Mihayo akaja nyumbani, akavichukua vidonge vyote, akavimwaga chooni Baba anaona. Ningefanya mimi, ningelaaniwa. Mtani hagombezwi. Baba alisonya tu.

Mwekezaji alikuja kweli. Baba akavaa shati safi, akaenda getini. Kumbe kiwanda kinageuzwa ghala. Alirudi akaketi kizingitini akasema, "Hawakutaka nguvu ya mtu yeyote." Nilikuwa nimeweka maneno tele ya kumwambia. Nikayameza.

Wakuu, dawa ya cheti hata ikiwa nusu ni dawa, msiijaribie miilini mwenu bila daktari. Na mzazi asiyemsikia mtoto, mtafutieni mapema mtu anayeruhusiwa kumtukana.

Wenye wazee wabishi, nyie mliwawezaje? Uwanja ni wenu, hata wa kunisema mimi.