Kompyuta Iliyoleta Kilio Kanisani

Afadhali jambo hili mlisikie kutoka kinywani mwangu kabla hamjalisikia kwa wanakwaya, maana wao wanalitia chumvi na pilipili: ni kweli, mimi ndiye niliyetangaza vifo vya watoto kumi na wanne kanisani, siku ya Jumapili, saa nne asubuhi, na kati ya hao hakuna aliyejulikana kuwa amekufa. Aibu hiyo nimeibeba miaka mingi na bado haijapungua uzito. Hata leo nikipita Majengo kuna mama mmoja akiniona anajifanya anafuta machozi, kisha anacheka mpaka anashika ukuta.

Lakini msinicheke kabla sijamaliza, kwa sababu kazi naijua. Wakati ule hapa Goma kompyuta ikigoma ilikuwa inaletwa kwangu, za ofisi, za shule, hata ile ya mheshimiwa mmoja (simtaji) aliyeimwagia chai. Watu waliniita Ingénieur, yaani mhandisi, na mimi niliitika bila haya, ingawa diploma yenyewe ilikuwa bado iko njiani (mpaka leo iko njiani).

Ilikuwa miaka ya vita. Mapigano yalikuwa yameshuka mpaka karibu na Kibati, nje kidogo ya mji, na barabara ilijaa watu wenye magodoro kichwani na mbuzi kwenye kamba, wote wakikimbilia mjini. Katika mbio za namna ile mama anashika mtoto kwa mkono huu na sufuria kwa mkono ule, risasi zinalia, watu wanasukumana, akigeuka mtoto hayupo. Kanisa letu lilipokea wengi waliokimbia, na kati yao wazazi kumi na wanne walikuwa wanatafuta watoto. Mchungaji akapata wazo zuri: tukusanye picha za watoto hao, tualike watu wa kambi zote Jumapili, tuzionyeshe kwa projekta juu ya shuka jeupe, labda kuna mtu anamlea mmoja wao bila kujua wazazi wake wako wapi.

Mmoja wa wazazi hao alikuwa Mama Uwineza, mwanamke mwembamba kutoka vilima vya Rutshuru, asiyependa maneno mengi. Binti yake Uwineza, mtoto wake wa pekee, mwenye miaka saba, alimpotelea barabarani pale Kibati. Alikuwa na picha yake moja tu, ya siku ya ubatizo, ameifunga kwenye plastiki ndani ya Biblia, na siku nilipoiingiza kwenye kompyuta alisimama nyuma yangu mpaka mwisho.

"Ingénieur, picha iko moja tu," akaniambia. "Usiniharibie."

"Mama, wewe lala usingizi," nikamjibu, bila hata kugeuka.

Alhamisi tukafanya majaribio na mchungaji. Picha zote kumi na nne zilifunguka, safi kabisa, ila polepole. Kompyuta ya kanisa ilikuwa nzee na maktaba yake ya michoro ilikuwa ya zamani (maktaba hiyo ni ile sehemu ya ndani ambayo programu nyingine huiomba izichoree herufi, mistari na picha kwenye kioo), basi kila picha ilichukua muda wa kusema Baba Yetu nzima mpaka amina. Mchungaji hakuona tatizo. "Si mubaya, Ingénieur," akasema. "Tutakuwa tunaomba tukingojea." Mngekuwa ninyi mngeishia hapo, mngefunga kompyuta na kwenda kula. Mimi nikaona mchungaji amenidharau.

Nikaamua kuweka maktaba mpya. Sasa, maktaba hizo ni za bure na code yake, yale maandishi yanayoiunda, iko wazi kwa kila mtu: ukitaka unachukua ile waliyokwisha kuijenga wengine, dakika kumi umemaliza, au unachukua code yenyewe na kuijenga mwenyewe ndani ya mashine yako, kama mtu anayekataa unga wa sokoni akanunua mihogo ailoweke, aianike na aitwange kwa mkono wake. Ile iliyo tayari nilikuwa nayo, kwenye flashi, mfukoni! Lakini niliona kwamba vya tayari ni vya wasiojua.

Ijumaa asubuhi nikaileta kompyuta dukani kwangu, nikairekebisha saa yake vizuri, nikaanza kujenga. Mistari ikawa inapita kwenye kioo mamia kwa mamia, na watu waliokuja kuchaji simu wakasimama nyuma yangu wakitazama kama mpira. "Hiyo njo nini?" mmoja akauliza. "Najenga," nikasema, nikanyamaza, ili neno lenyewe liwaingie. Baada ya saa tatu kazi ikaisha na mashine ikanipa ripoti: herufi, ndiyo, mistari, ndiyo, picha za kamera, hapana. Kulikuwa na kipande kimoja kidogo kilichokosekana. Nikaenda kukitafuta, nikakipata, nikawa nakiweka, umeme ukakatika (ingekuwa ajabu usingekatika).

Hapa inabidi niwaeleze ugonjwa wa kompyuta zetu za wakati ule. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo kama kifungo cha koti, kazi yake kutunza saa umeme ukiwa haupo. Za kwetu zilikuwa zimekufa karibu zote, kwa hiyo kila umeme ukikatika, kompyuta ikiamka inadhani tuko miaka mingi nyuma. Hakuna aliyejali. Saa tulikuwa nazo mkononi, nani ataiuliza kompyuta? Basi umeme uliporudi, mashine ikaamka katika mwaka wake wa kale, na mimi niliyekuwa nimerekebisha saa asubuhi nikajiambia, ah, ya nini mara mbili.

Nikafungua faili la mipangilio, pale pa picha palipokuwa na sifuri, yaani hapana, nikaandika moja, yaani ndiyo, nikaamuru ijenge tena. Ikanijibu papo hapo kwa Kifaransa chake, rien à faire, yaani hakuna cha kufanya. Na juu ya jibu hilo ilikuwa imeandika onyo, kwamba saa zinapishana na huenda kazi haikukamilika. Nikacheka kwa sauti. "Mashine ya Goma inatufundisha saa!" nikawaambia wale wa simu, na wao wakacheka kwa heshima.

Jumatatu yake ndipo nilipoelewa vizuri. Ile programu ya kujenga hairudii kazi yote, inajenga tu kilichobadilika, na inakijua kwa kutazama tarehe. Faili langu lilikuwa na tarehe ya mwaka wa kale, kwa hiyo lilionekana la zamani kuliko kazi ya asubuhi, ikaliacha. Nikabaki na maktaba inayochora herufi vizuri sana lakini picha haizioni hata kidogo. Siku ile ya Ijumaa, mimi "hakuna cha kufanya" niliisoma kama sifa.

Basi Ijumaa hiyohiyo nikaiweka maktaba yangu mahali pake, nikafuta ile ya zamani ili nipate nafasi, nikafungua programu. Majina ya watoto yakatokea kufumba na kufumbua, herufi zimenyooka, nikajipigia makofi. Picha sikuzijaribu. Tulikuwa tumezihamishia kwenye flashi ya kanisa, iliyofungiwa kwenye kabati la mchungaji, na kusema kweli hata ingekuwa mkononi nisingejaribu.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Watu walikuwa wametoka kambi ya Kanyaruchinya kwa miguu tangu alfajiri, akina mama na watoto mgongoni. Tulikuwa tumefunika madirisha kwa mabache, yale maturubai ya wakimbizi, ili pawe giza. Mchungaji akaeleza shughuli yenyewe, akachomeka flashi, na mimi nikachukua mikro (nani aliniomba?) nikasema: "Wapendwa, mashine nyingine zingewachelewesha. Hii yangu itawaonyesha watoto wote kumi na wanne kufumba na kufumbua." Makofi. Nikabonyeza.

Kwenye shuka likatokea jina la mtoto wa kwanza, na chini ya jina, mahali pa picha, mraba mweusi.

Ninyi mnajua kwetu mraba mweusi ni nini. Mtu akifariki, picha yake inatiwa mpaka mweusi na kubandikwa mlangoni, hata asiyejua kusoma anaelewa habari. Nikasikia mnong'ono, nikabonyeza haraka niende kwa wa pili. Jina, mweusi. Wa tatu. Jina, mweusi. Badala ya kuacha nikazidi kubonyeza, na mashine ikazidi kutii, kwa mwendo uleule niliouahidi. Kwenye jina la tano mama mmoja akapiga ukelele, akaanguka chini. Mwingine akalia: "Batoto bote balikufa! Balikuwa banatuficha!"

"Hapana, sikilizeni, si—" nilianza kwenye mikro.

Nje, kando ya jenereta, alikuwa Muzee Bahati, mlinzi wake, mtu wa adabu za zamani. Yeye hakuona shuka, alisikia kilio tu, na kwake msiba ukitangazwa kila kinachonguruma kinazimwa. Akaizima. Mikro ikafa, projekta ikafa, tukabaki gizani na mabache yetu. Na kwaya nayo, kwaya yetu ikisikia kilio kanisani haiulizi amekufa nani. Kiongozi akatoa sauti, wakaingia wimbo wa maombolezo kwa sauti nne, na lazima niseme, sijawasikia tena wakiimba vizuri namna ile.

Nikapiga kelele: "Hawajafa! Ni maktaba ya michoro!" Hebu fikirieni, watu wanawalilia watoto wao gizani, na mwanamume mzima anapayuka habari za maktaba. Mzee mmoja asiyenifahamu akanikumbatia kwa nguvu. "Pole, mutoto wangu," akaniambia sikioni. "Na weye wako alikuwa mu ile liste?"

Katikati ya kilio kile nikamsikia Mama Uwineza. Kwetu mama hamlilii mtoto kwa machozi matupu, anamwita, anamsimulia, ili watu wajue ni nani aliyeondoka. Yule mwanamke asiyependa maneno alikuwa akisema yote aliyoyaficha: "Uwineza wangu! Uwineza wa mukono wa moto, uliungua na maharagi ukingali mudogo! Uwineza wa kuogopa kuku! Nani atakuita tena Kanyoni? Nani atakuimbisha ukikataa kulala?"

Nikaacha kupayuka, nikakaa chini kwenye sakafu ya mbao. Nilimwambia alale usingizi, na sasa nilikuwa nimemuulia mtoto mbele ya watu. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka karibu na mlango, kali, kama ya mtu anayegombana sokoni: "Nani ule anasema mukono wa moto?"

Akasukuma watu. "Ninauliza! Nani anaita mutoto Kanyoni? Kanyoni eko kwangu! Ule mutoto wa kuogopa kuku eko kwangu Kanyaruchinya! Alikunywa uji asubui ya leo, akaomba mwingine!"

Kwaya ikanyamaza sauti moja baada ya nyingine (besi mwishoni, wale hawasikii kitu). Mtu akavuta bache, mwanga ukaingia, tukawaona wale wanawake wawili wametazamana, mmoja chini, mmoja amesimama na mikono kiunoni. Mama Uwineza hakulia tena wala hakucheka. Aliuliza tu: "Mukono gani?" Mwenzake akajibu: "Wa kushoto. Juu ya kiwiko." Hapo ndipo alipomwamini.

Nikapanda juu ya benchi. Nikasema hakuna aliyetangazwa kufa, ule weusi niliuleta mimi, mashine ilinionya mbele ya watu nami nikaicheka. Baba mmoja akanishika kola na hakuna aliyemzuia upesi, na nilistahili. Kisha mchungaji akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko kola, kwamba tuache mashine, kila mzazi asimame aeleze mtoto wake kwa kinywa, jinsi Mama Uwineza alivyoeleza. Wakasimama wote kumi na watatu, mpaka alasiri. Na ukweli ni kwamba picha ile ya Uwineza, hata ingeng'aa vipi, ilikuwa ya mtoto mchanga mwenye kofia nyeupe, nani angemtambua msichana wa miaka saba? Siku ile watoto wengine wawili walijulikana walipo. Wengine walichukua miezi, na wengine, sitawadanganya, hawajapatikana mpaka leo.

Jumatatu nilibadilisha betri ya kompyuta, nikaijenga maktaba upya kutoka mwanzo, na ikafungua picha zote kwa sekunde moja (mnaona?). Nimeapa, onyo la mashine nitalisoma mpaka neno la mwisho, hata kama ni habari za saa, na chochote kitakachoonyeshwa mbele ya watu nitakitazama kwanza kwa macho yangu. Sikuapa kuacha kujenga.

Lakini turudi Jumapili ile, ilikuwa bado haijaisha. Jua lilikuwa linaelekea kushuka, mimi nakunja waya nje ya kanisa, peke yangu, hakuna aliyenisaidia. Mama Uwineza, aliyekuwa ameondoka na yule mwanamke kwenda Kanyaruchinya, akaja amemshika msichana mkono, amemshika kwa nguvu hata mtoto anapinda. Nikaanza kuomba msamaha, nikakosea, nikaanza tena upya. Akaniacha nihangaike, kisha akamsukuma mtoto mbele.

"Salimia papa," akamwambia. "Njo yeye alikuua mu kanisa."

Mtoto akanipa mkono. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, bila hofu yoyote.

"Papa, uliniua juu ya nini?"

Nikamjibu ukweli, kwamba nilikuwa na haraka.